Wanukaji wa Kipupwe

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nasema mapema ili anayetaka maneno ya wasomi akayatafute kwingine. Lakini nyumba nimejenga. Matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji, dari ya silingi bodi, madirisha ya vioo, huku kwetu mlimani ambako gari halifiki. Kila mfuko wa saruji ulipanda njia ya miguu ukiwa kichwani mwa mtu. Mabati yalipandishwa na wanaume wawili wawili, yakipiga kelele njia nzima, hata watu wa ng'ambo ya bonde walijua leo kwangu yamefika mabati mangapi.

Zilikuwa nyakati za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya foleni, na bati uliliona juu ya kanisa tu. Halafu maduka ya Morogoro yakaanza kujaa, ukawa unaingia dukani unachagua, mpaka mtu unaona haya. Mimi nilikuwa nashusha kabichi na karoti sokoni kwa kichwa tangu msichana. Ruksa ilipokuja nikaacha kuuza fungu fungu, nikawa nakusanya za wenzangu tunapakia lori zima kwenda Dar es Salaam. Wengine walisema nina dawa. Dawa yangu ilikuwa kuamka mapema na kutomwogopa dereva.

Nyumba ile nilimjengea mama. Watu walidhani nimejijengea mwenyewe, na sikuwakatalia, maana sifa nazo ni chakula.

Mama yangu alikaa katika nyumba ya udongo na nyasi, juu kidogo ya shamba langu, kwenye ardhi ya lukolo letu, yaani ukoo wetu wa upande wa mama, maana huku kwetu ardhi hufuata tumbo. Katikati ya nyumba yalikaa mafiga matatu, na moto wake haukuzimika. Dirisha hapakuwa. Moshi ulitoka wenyewe kupitia nyasi, taratibu, ukipenda. Ukiingia mle kutoka nje ulilazimika kuinama na kulia machozi kwanza ndipo usalimie. Kuta zilikuwa nyeusi zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, na kifua kilikuwa kinalia kama mlango usio na mafuta. Nilimshusha kwa sista wa zahanati ya misheni, akaweka sikio lake la mpira mgongoni kwa mama, akasikiliza muda mrefu, halafu akaniita mimi pembeni. Akaniambia kifua cha mama yako hakitavuka kipupwe kingine ndani ya moshi. Mtoe. Alisema vile vile, bila kupamba, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Basi nikamtoa. Masika yalipokuwa yanaelekea kuisha, nyumba ikiwa bado inanuka chokaa, nikamhamishia chumba cha upande wa jua, kitanda cha mbao, godoro la sponji. Jiko nikaliweka nje, kibanda chake peke yake, nikatangaza kwamba katika nyumba yangu hakuna moshi utakaoingia hata wa sigara. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo kwa ardhi ile. Alikuja na kipande chake cha tumbaku kinafuka, nikamsimamisha mlangoni.

"Shikamoo mjomba. Hiyo ibaki nje."

"Marahaba. Na mimi nibaki nayo, au mimi naruhusiwa?"

Akaizima kwa kidole, akaingia, akagusa ukuta, akagusa kitanda, akatazama dari. Akasema amewahi kuona chumba kama hiki mara moja, ni kule wanakoweka maiti hospitalini. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Wiki sita za kwanza zilikwenda vizuri. Kikohozi kilipungua. Nikaanza kuringa, sifichi.

Halafu mwezi wa tano ukaishia, mvua zikakatika, na baridi yetu ikashuka kutoka msituni. Mtu wa Morogoro mjini akikwambia baridi, anasema habari ya kuvaa shati la mikono mirefu. Kwetu kipupwe ni ukungu unaoingia nyumbani kama mgeni, unakaa mpaka saa nne, na vidole havishiki sindano. Wadudu nao hutafuta pa kujificha mpaka joto lirudi. Wako wa namna nyingi, lakini wabaya ni hawa wa kahawia, bapa, mgongo kama ngao, ukubwa wa mbegu ya boga. Jina lao la kitabuni silijui. Sisi tuliwaita wanukaji. Hawaumi, hawali nguo, hawagusi chakula. Ila ukimbana mmoja, kwa bahati mbaya tu, kwa kiwiko, harufu inayotoka hapo haiondoki kwa sabuni, na ikiingia kwenye blanketi ulale nayo.

Nilipokuwa mdogo niliwaona nje tu, kwenye magome na chini ya mawe. Sikujiuliza kwa nini hawakuingia nyumbani kwa mama. Mtu hajiulizi habari ya kitu ambacho hakipo.

Mwaka ule waliingia kwangu. Asubuhi ya kwanza walikuwa kama kumi, kwenye kona ya dari. Siku ya tatu kona haikuonekana rangi. Walikaa wamebanana, mgongo juu ya mgongo, hawasogei, kama wamemwagwa na kugandishwa. Jua likipiga bati mchana, baadhi wanaamka, wanatembea, wanaanguka. Wanaangukia wapi? Kitandani kwa mama. Yeye macho hayaoni vizuri, anapapasa shuka, anambana mmoja, chumba kizima kinanuka. Nilimkuta mchana mmoja amekaa wima katikati ya kitanda, mikono ameikunja kifuani asiguse kitu chochote, kama mtu aliyepanda mtumbwi unaovuja. Akaniuliza kwa upole kama kule juu nyumba yake bado ina mlango.

Niliwafagia. Niliwamwaga nje, jioni wamerudi. Kuku niliwaletea, wakaonja mmoja, wakanitazama kwa dharau, wakaondoka. Nikapaka mafuta ya taa kwenye kona, ikawa harufu mbili badala ya moja. Mjomba alipita kila siku kuuliza habari za wapangaji wangu. Akasema mpwa wangu umepata watu wasiolalamika kuhusu nyumba, washukuru. Mama akasema basi, nirudishe kwangu, kule hawaingii. Nikasema hurudi. Akasema wewe ni mwanangu au ni bwana jela wa Kingolwira? Nikasema vyovyote utakavyoniita, hurudi, sista amesema.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nitalieleza lilivyo.

Nilikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia kabichi. Siku hizo za ruksa dawa za shamba zilikuwa zimejaa mjini, za kila rangi, nyingine zimefunguliwa na kupimwa upya kwenye chupa za soda, unanunua kwa kuambiwa. Yangu ilikuwa nzuri, ilikuwa inaua viwavi wa kabichi mchana nikiwa nimesimama pale pale. Nikafikiri kama inaua kiwavi aliyejificha ndani ya kabichi, itashindwaje kumuua mdudu aliyekaa wazi kwenye dari? Mlimani kwetu hakuna aliyekuwa akifikiri tofauti. Watu walipulizia maharage ya ghalani kwa dawa hiyo hiyo. Nilimtoa mama nje, nikampa kiti juani, nikafunga madirisha ili dawa isitoke, nikapulizia chumba chote, dari, kuta, uvunguni, na kwa vile mimi nikifanya kazi huifanya, nikapiga na godoro.

Walianguka kama mvua. Niliwazoa kwa koleo. Nikapiga deki, nikafungua madirisha kidogo, nikaona sasa pamekuwa pasafi. Kwenye saa nane nikamrudisha mama kitandani akapumzike, nikaenda zangu bustanini nikiwa naimba.

Niliporudi alikuwa amelalia ubavu, mate yanamtoka, miguu inacheza. Pumzi ilikuwa inakuja kwa vipande. Nilimwita hakuitika, alinishika tu mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Mjomba ndiye aliyesikia nikiita. Tulimfunga kwenye blanketi na mti, wanaume wanne wakambeba kuteremka hadi misheni, na mimi nyuma nikiwa nimeshika kanga yake tu, sikuwa na kazi nyingine.

Sista alinusa nguo za mama kabla hajauliza. Akaniuliza ni dawa gani. Nikamwambia. Akaniuliza nimepulizia wapi. Nikamwambia. Akaamuru avuliwe vyote, nami nikamwogesha mama yangu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mwili mzima, nywele, katikati ya vidole, nyuma ya masikio. Alikuwa mwepesi. Sikuwa nimemshika hivyo tangu nilipokuwa mimi ninayeogeshwa. Sista alikuwa anapita nyuma yangu akisema tena, anza tena juu, na mimi naanza tena. Hakunigombeza siku ile. Alinigombeza kesho yake, alipoona mama amekunywa uji, na alinigombeza mbele ya watu, na nilisimama nikasikia mpaka mwisho, jambo ambalo dereva yeyote wa lori atakwambia si kawaida yangu.

Siku ya nne wakamruhusu. Tulipofika kwenye njia panda, kulia kwangu, kushoto kwake, mama akasimama. Akasema anakwenda kwake.

Nikaanza maneno yangu ya sista na kifua.

"Mwanangu," akasema, "wanukaji hawakutaka kuniua. Wewe ulikaribia."

Akapanda kushoto, mkono begani kwa mjomba. Nilibaki njia panda na bahasha ya vidonge. Kilichonikata si maneno yenyewe. Ni kwamba aliyasema bila hasira, kama mtu anayekwambia chumvi imezidi.

Nilichoma lile godoro. Nikasugua chumba kwa majivu na maji, kuta zote, siku mbili, madirisha wazi, mpaka chokaa ikabanduka. Halafu wanukaji wengine wakaingia. Wale niliowaua walikuwa wa mwanzo tu, juu ya dari kulikuwa na jeshi zima. Na kutoka kule juu, asubuhi ukungu ukiwa bado haujapanda, nilikuwa namsikia mama anakohoa. Kile kikohozi cha zamani kilikuwa kimerudi, na kilikuwa kimeleta na mwenzake. Ilikuwa mwezi wa sita katikati. Kipupwe kilikuwa bado hakijaanza kazi. Nilijua kuhesabu kwa kichwa mizigo ya lori zima, basi nilijua pia kuhesabu miezi iliyobaki na pumzi zilizobaki, na hazikulingana.

Wiki nzima sikupanda. Niseme niliona aibu? Nilikuwa naona aibu. Mimi sijui kuomba radhi, sikufundishwa, na maisha yangu yalikuwa yamekwenda vizuri bila hiyo. Siku ya nane nikapika uji wa ulezi, nikapanda nao.

Niliinama nikaingia, nikalia machozi yangu ya moshi, na safari hii yalikuwa yamechanganyika, giza lilinisaidia. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema nikae upande ule, huu moshi unaupenda. Nilimwambia mama nimekosa. Maneno mawili, na yalikuwa mazito kuliko saruji yote ile. Akachukua uji, akanywa kwanza, akauliza ulezi ni wa nani. Nikasema wa Gairo, umeletwa sokoni. Akasema umesagwa vizuri. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na nilipewa.

Tukakaa. Watu wakaanza kuingia, mmoja mmoja, jirani na kikapu cha njegere za kumenya, mjomba na tumbaku yake, kila mtu akatafuta gogo lake pembeni ya moto. Wanamenya, wanasema watu. Mama katikati akiwa anakohoa na kucheka. Niliwaangalia nikakumbuka kwamba kwangu, kwa wiki zote zile, nilipokuwa mimi niko sokoni, hakuna aliyeingia kukaa. Waliingia kutazama, wakavua viatu, wakaguswa na ubaridi wa saruji, wakaaga. Mama alikuwa amelala kwenye godoro la sponji peke yake na dari.

Jambo hilo niliondoka nalo.

Nilipoaga mama akaniuliza, je, nimejua wanapita wapi. Nikasema wanapita popote, ni wengi. Akasema hakuna mdudu anayepita popote, kila mmoja anapita mahali. Akaniuliza, fuko wa shambani ukitaka kumpata unafanyaje? Nikasema nafukiza shimo lake. Na mashimo mengine unayajuaje? Nikasema naangalia moshi unatokea wapi. Akasema basi. Halafu akageukia njegere zake kama hajaniambia kitu.

Nilisimama mlangoni kwake nikiwa nimeinama nusu, nikashindwa kutoka wala kurudi ndani. Mimi niliyekataza hata tumbaku ya mjomba.

Kesho yake alfajiri ilipopambazuka nikatoa vitu vyote chumbani. Nikaleta beseni bovu, nikawasha magunzi ya mahindi, nikayafunika majani mabichi ya mgomba, nikaliweka beseni katikati ya ile sakafu yangu ya saruji niliyokuwa naipiga deki kwa magoti. Nikafunga mlango na madirisha. Mama alikuwa ameteremka na mjomba. Alikaa mbali, upande ambao upepo unatoka, amejifunika kanga mpaka puani, na akawa ndiye msimamizi.

Sikilizeni basi habari ya nyumba yangu. Mwanzo hakukuwa na kitu. Nikaanza kuvimba kichwa. Halafu moshi ukatokea chini ya bati, kwenye kila mkunjo wa bati, uzi mmoja mmoja, mstari mzima kutoka kona hadi kona, kama nyumba imeota ndevu. Ukatokea pembeni ya fremu za madirisha, ambako fundi alinihakikishia amejaza. Ukatokea chini ya mlango. Ukatokea mahali kwenye ukuta ambako hata sikujua kuna ufa. Nyumba niliyoiringia mlima mzima ilikuwa inavuja kama kikapu. Watu wa ng'ambo wakaja mbio na ndoo wakidhani inaungua. Mjomba akawapokea, akawakalisha, akawaambia hapana, mpwa wangu anaikausha nyumba yake kama samaki.

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama akauliza kuna nini, nini, nielezeni na mimi, na mjomba akawa anamweleza, ndevu na vyote, na yeye akacheka ndani ya kanga.

Kila palipotoka moshi nikabandika tonge la udongo mbichi pembeni yake kama alama. Zilipofika alama mia na kitu niliacha kuhesabu. Wanukaji wenyewe nao walikuwa wanatoka hapo hapo, wamelewa, wanadondoka kwenye majani. Mama akasema niwakusanye kwa fagio, taratibu, niwatie kwenye maji ya sabuni, nisimbane hata mmoja. Wakizama kwenye sabuni hawanuki. Miaka yote ile alikuwa anajua, na mimi sikuwa nimemuuliza, nilikuwa nimeuliza duka la dawa.

Kuziba kulichukua siku tano. Mama akasema tuzibe ndani kwanza, pale dari inapokutana na ukuta, ili waliobaki juu wakae juu, wasishuke. Nje tusiguse bado. Udongo aliuchanganya yeye mwenyewe, udongo wa kichuguu, majivu, nyasi zilizokatwakatwa, samadi kidogo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, natia kwa kidole na kusindilia kwa kijiti, yeye chini ananipa matonge. Macho hayaoni, lakini alikuwa anapitisha mkono uliolowa maji ukutani, polepole, na kila palipopita upepo mkono wake ulisimama. Hapa. Na hapa. Hapa umeweka kidogo, ulikuwa na haraka. Madirisha nikayatia wavu wa mbu. Chini ya mlango nikaweka mfuko mrefu wa kanga kuukuu niliojaza pumba. Mtu asiyejua angesema tunacheza, wanawake wawili wazima na udongo.

Zile siku tano sikushuka sokoni. Halafu nikafanya jambo ambalo wenzangu hawakuamini. Nilimwachia mwenzangu mmoja nafasi yangu ya lori mpaka kipupwe kiishe. Nafasi ile nilikuwa nimeipigania kwa miaka. Nilijua akishaizoea kuirudisha itakuwa vita, na kweli ilikuwa vita, lakini hiyo si habari ya leo. Jiko langu la nje nililiondoa kuta, nikabakiza paa na nguzo, upepo upite, nikamwomba sista apande aje aone mwenyewe. Alipanda, akihema. Akasimama katikati ya jiko, akanusa huku na huku kama alivyonusa zile nguo. Akasema mchana akae hapa, usiku alale kule, na moto usiingie ndani. Nikateremsha magogo ya kukalia kutoka kwa mama, yale yale ambayo matako ya watu yalikuwa yameshayajua. Siku ya pili jirani akaja na njegere. Mjomba alikuja akiwa amekwisha kuzima tumbaku, akatazama nguzo bila kuta, akaiwasha tena.

Mama akakubali kulala siku moja, kujaribu. Hakusema amerudi, alisema anajaribu. Nilivuta kitanda changu nikakiweka chumbani kwake, mguu kwa mguu na chake, maana chumba bila moto kina ubaridi, na ubaridi wa mtu mmoja ni mkali zaidi. Asubuhi nilimkuta ameamka kabla yangu, amekaa, beseni la sabuni mapajani.

"Wangapi?" nikamuuliza.

"Wanne. Wanne si jeshi, ni majirani."

Akasema waliomsumbua si wao, ni mimi. Nakoroma kama lori linapanda Mikese. Nikamwambia basi nitarudi chumbani kwangu. Akajifanya hajasikia, akauliza uji uko wapi.

Alijaribu siku ya pili. Alijaribu ya tatu. Mwezi wa saba ukapita anajaribu, na wa nane, ukungu ukiwa umelala nje ya vioo mpaka saa nne, na kikohozi kikishuka kidogo kidogo, usiku mara sita, halafu mara tatu, halafu naamka mwenyewe nasikiliza kwa nini kumekuwa kimya, naweka mkono kwenye mguu wake, ni wa moto, nalala. Hakuna aliyetamka neno kurudi wala neno kubaki. Nyumba yake ya nyasi ilisimama kule juu na mlango wake, na mimi niliitazama kila nilipokwenda bustanini, kama mtu anavyomtazama mke mwenza.

Mwezi wa tisa jua likapata nguvu. Mchana mmoja bati lilipopata moto, wanukaji wa darini wakaanza kuondoka. Walitoka kwenye yale matundu ya nje tuliyoyawekea alama bila kuyaziba, mmoja anachungulia, anasimama kidogo juu ya udongo mkavu, anafungua mgongo, anaruka kwenda upande wa msituni. Nilikuwa nimekanda udongo tayari kwenye karai. Ngazi iko ukutani. Mama amekaa chini yake juani, uso juu, kama anaona.

"Wamekwisha?"

"Bado. Wanatoka."

"Ngoja."

Nikangoja. Mimi si mtu wa kungoja. Udongo ukaanza kukauka nikaumwagia maji. Nikamwambia mama jua linakwenda, hawa waliobaki ni wachache, nizibe tu tumalize kazi. Akasema hapana. Akasema usizibe nyumba mtu akiwa bado ndani, hata kama humpendi. Nikakaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, karibu na kichwa chake. Tukangoja hivyo, karai kati yetu, mimi namwambia huyo mwingine, huyo mwingine, na yeye anaitikia kwa kichwa.

Alipotoka wa mwisho niliyemwona, nilisubiri kidogo zaidi, halafu nikasema sasa. Akaingiza mikono yote miwili kwenye karai, akafinyanga tonge, akaninyooshea juu.

"Mwakani tuanze mwezi wa tano, kabla hawajaja," akasema. "Wewe una mambo mengi, utasahau. Nitakukumbusha."

Nililipokea lile tonge nikapanda nalo, nikaziba.